Wembe wa Kukunja na Kidevu cha Papa Mmunga

Vijana wa saluni, mmenituma niandike, basi someni hadi mwisho. Nawajua: mkifika katikati mtarukia simu zenu.

Mliniuliza hivi: mtu asiye na kitu mfukoni anaanzaje kunyoa kwa wembe wa kukunja? Nimefurahi kuulizwa, ingawa najua swali limetoka wapi. Mvua imekaa hapa mjini Baraka bila kuondoka, betri za sola zimekufa, na mashine zenu za kunyolea zimelala mezani zikiwaangalia. Kiangazi chote hakuna aliyemkumbuka mzee huyu. Jua likirudi mtanisahau tena, kwa hiyo naandika haraka kabla halijatoka.

Habari za mishahara na vyeo msizitafute humu. Kinyozi hana cheo cha kupanda, na mshahara wake mnaujua kwa sababu ndio huo mnaopata ninyi. Nitawaeleza nilivyoanza, na jinsi kidevu cha mtu mmoja wa Mboko kilivyokaribia kuniharibia maisha.

Nilitoka Fizi, kwenye mihogo ya baba yangu, nikitafuta kazi ya kivulini. Nilikuwa nimemwona kinyozi mara moja tu, na siku hiyo alikuwa amekaa akingoja wateja, nikadhani kazi yenyewe ndiyo ile. Mzee Swedi alinipokea katika saluni yake ya mbao karibu na soko la Baraka. Alikuwa mtu wa Kazimia, Mwislamu wa swala tano, mwembamba, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Saluni ilikuwa na viti viwili. Kimoja kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa kimevunjika mkono mmoja na kilingoja mtu wa kukistahili. Kwenye rafu aliweka chupa ya rutuku, ile pombe kali ya muhogo, na hakuwahi kuionja hata tone. Ilikuwa ya kuoshea wembe. Wakristo waliokuja kunyolewa waliitazama chupa ile kwa huruma kubwa, na mmoja alisema waziwazi kwamba chuma kile kinaishi vizuri kuliko yeye.

Siku ya kwanza nilinyoosha mkono nikitegemea kupewa wembe. Nikapewa brashi. Mzee Swedi akasema, "We utapakaa sabuni. Wembe utaionaka na macho kwanza." Nilipaka sabuni hadi nikaanza kuwatambua watu kwa mashavu yao nikiwa nimefumba macho. Nilinung'unika sana kimoyomoyo. Lakini ninyi mnaodhani povu ni kazi ya watoto, sikilizeni: nusu ya kunyoa ni povu. Ndevu kavu ni ngumu, zinauvuta wembe na wembe unaivuta ngozi. Ndevu zilizolowa maji ya moto kwa muda wa kutosha kusalimiana na mteja na kumwuliza habari za watoto wake wote zinakatika zenyewe.

Na msiniambie povu la kopo ni ghali. Sisi tulitumia sabuni ya mawese, hiyo hiyo mama zenu wanafulia. Unaiparuza kwa kijiko ndani ya kikombe cha bati, unatia maji ya moto kidogo kidogo, unazungusha brashi hadi povu lisimame bila kuanguka. Brashi yangu ya kwanza nilitengeneza kwa nywele za mbuzi, nikazifunga kwa uzi wa nyavu na kuzibana kwenye kipande cha mwanzi. Ilinuka mbuzi kwa muda mrefu. Wateja waliniuliza kama tunanyoa au tunachinja.

Wembe nilipata Kazimia, kwa mfanyabiashara wa mitumba aliyeshusha mzigo kutoka kwenye boti. Ulikuwa katikati ya vijiko na kufuli zisizo na funguo, umeota kutu, mpini umepasuka. Aliniuzia kwa bei ya kijiko kwa sababu hakujua ni nini. Nilirudi nao Baraka nimeushika kifuani. Mzee Swedi aliugonga kwa ukucha, akausikiliza, akasema chuma kiko, kilichokosekana ni adabu. Kutu tuliitoa kwa majivu na ndimu. Mpini tulichonga kwa pembe ya ng'ombe.

Kunoa ndiko kulikonitoa jasho. Jiwe sikununua. Nililiokota mto Mutambala, jiwe laini la kijivu lisilo na mchanga ndani yake, nikalisugua juu ya jiwe jingine hadi likawa tambarare kabisa. Wembe unaulaza juu ya jiwe lenye maji, mgongo na makali vyote viguse, unausukuma makali yakitangulia, unaugeuza juu ya mgongo, unarudi. Hausukumi kwa nguvu. Mtu wa shamba kama mimi alifikiri kunoa ni kupambana, kama panga, na jioni ya kwanza nilikuwa na wembe usioweza kukata ugali. Mzee Swedi hakusema neno. Alichukua jiwe, akasahihisha makali kwa subira, akanirudishia wembe. Nilivyomjua baadaye, kule kunyamaza kulikuwa ndiyo njia yake ya kucheka.

Baada ya jiwe unahitaji mkanda wa ngozi. Wenye ng'ombe waliposhuka kutoka Minembwe niliwaomba ukanda mrefu wa ngozi ya mgongo, nikaukwangua, nikaupaka mafuta ya mawese yaliyochanganywa na majivu yaliyochekechwa, nikaupigilia kwenye mwimo wa mlango. Kwenye mkanda wembe unakwenda kinyume cha jiwe: mgongo unatangulia, makali yanafuata. Ukisahau hilo utaukata mkanda. Kila anayeanza husahau. Mkanda wangu ulikuwa na vidonda vingi kuliko mteja yeyote niliyewahi kumshika.

Hapa niwaeleze jambo la leo, maana mambo yamebadilika na ni vizuri yamebadilika. Zamani wembe mmoja ulizunguka soko zima, na rutuku ndiyo ilikuwa daktari wetu. Leo, wembe uliomgusa mtu mmoja haumgusi mwingine. Kwa hiyo asiye na kitu aanze na ule mpini unaobana nusu ya wembe wa kawaida. Unavunja wembe katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, unatia nusu moja, ukimaliza unatupa. Ni rahisi, hauhitaji jiwe wala mkanda, na mkono unajifunza yale yale. Wa kukunja mnaweza kujinyolea wenyewe nyumbani. Mkishapenda, mtatafuta jiwe bila kuambiwa.

Mkono unajifunza nini? Kwanza pembe. Laza wembe karibu na shavu, mgongo wake ukae mbali na ngozi kadiri ya unene wa vijiti viwili vya kiberiti. Ukiusimamisha utakwangua. Ukiulaza kabisa utateleza bure. Pili, mkono wa kushoto ndio unaofanya kazi, kwa kuivuta ngozi ikaze. Wa kulia unausindikiza wembe tu. Tatu, na hili Mzee Swedi alilisema kila siku hadi nikachoka kulisikia: fuata nywele. Kabla ya povu, pitisha vidole usoni mwa mtu uone ndevu zimelalia wapi. Shavuni zinashuka, chini ya taya zinaweza kwenda pembeni, kooni kwa watu wengine zinapanda na kwa wengine zinazunguka. Unanyoa kuelekea zinakolalia. Ndevu zetu zimejikunja. Ukizinyoa kinyume, unazikata chini ya ngozi, na zikianza kuota zinajikunja na kuingia ndani ya nyama badala ya kutoka nje. Hapo ndipo vipele vinazaliwa.

Hayo nayaeleza vizuri leo. Wakati ule niliyasikia kwa sikio hili na kuyatoa kwa lile.

Zoezi alilonipa Mzee Swedi lilikuwa kibuyu. Nilikipaka povu na kulinyoa lile povu bila kuacha mkwaruzo kwenye ganda. Kibuyu hakina ndevu, hakipigi chafya, hakizungumzi siasa. Nilikichoka upesi. Nikaomba uso wa mtu. Hakuna mtu Baraka aliyekuwa tayari kunikopesha uso wake. Basi nikatumia wangu.

Na nilitumia kweli kweli. Vijana wa wakati ule tulitaka kidevu kinachong'aa, ukipitisha kitambaa kiteleze bila kushikwa. Mzee Swedi aliponyoa kwa kufuata nywele, kidevu kilibaki na ukwaruzo kidogo, na mimi niliona huo ni uzee. Niligundua mwenyewe, bila mwalimu, kwamba ukiurudisha wembe kutoka chini kwenda juu unapata ung'avu wa ajabu. Nikajinyoa asubuhi kuelekea juu, na mchana tena kwa ajili ya mazoezi, na jioni nikiona kijinywele kimechungulia. Nilitembea sokoni nimeinua kidevu kama mwenye nyumba ya matofali.

Halafu vipele vikaja. Kwanza kooni, kisha chini ya taya, kisha kila mahali, vigumu, vyeusi, vinawasha. Nilivinyoa navyo, vikatoa damu, vikarudi na ndugu zao. Mzee Swedi alinigeuza kuelekea mlangoni penye mwanga, akaniuliza, "Kijana, uko unapanda maharagi ku uso?" Soko lote lilisikia. Tangu siku hiyo nikaitwa Maharagi, na wako wazee hapa Baraka wanaoniita hivyo hadi leo, nadhani wengine hawalijui jina langu la kweli.

Ningelivumilia jina hilo kama si Apendeki. Alikuwa akiuza ndagala sokoni, wale samaki wadogo wakavu, mbele kidogo ya saluni yetu. Alinicheka kuliko wote, na alinicheka vizuri, nikawa nanunua ndagala nisiowahitaji ili nichekwe. Tulikubaliana, yeye na mimi. Ikabaki kwenda kwao Mboko kumwomba, na hapo ndipo uso wangu ulipogeuka kuwa kesi.

Baba yake, Papa Mmunga, alikuwa mvuvi mwenye mtumbwi wake, mtu wa maneno machache. Aliyesema mengi ni dada yake, shangazi yake Apendeki, ambaye kila mtu alimwita Tante. Apendeki alinionya mapema. Tante alikuwa ameshasikia kwamba kijana wa saluni ana uso wa ugonjwa, na alishatangaza kwamba mtoto wao hataolewa na ugonjwa. Nikifika na vipele, ningekataliwa. Nikaamua nifuge ndevu zivifunike. Apendeki akashika kichwa. Kwao, kama ilivyokuwa kwetu, mwanaume huacha ndevu akiwa na msiba. Mtu anayeingia na ndevu kwenye nyumba anayokwenda kuomba mke anaonekana amebeba kilio mlangoni. Ningekataliwa upesi zaidi.

Nilimpenda yule msichana, na niliogopa. Nasema hivyo kwa sababu ninyi mnapenda kujifanya hamuogopi. Kila asubuhi nilijitazama kwenye kioo cha saluni na kumwona mtu ambaye hata mimi nisingempa binti.

Mzee Swedi ndiye aliyenitafutia njia. Aliuchukua wembe wangu wa pembe akaufungia kwenye sanduku lake. Alininyoa kwa mkasi tu, akiacha ndevu fupi mno zisionekane kama ndevu wala zisiingie ndani ya ngozi. Kila jioni alinikanda uso kwa kitambaa cha maji ya moto, na zile nywele zilizojikunja ndani akazinyanyua kwa ncha ya sindano iliyopita kwenye rutuku, bila kuzing'oa. Alifanya hivyo akizungumza habari nyingine kabisa, bei ya mkaa, mjukuu wake, upepo wa ziwa. Vipele vikaanza kupungua. Havikwisha. Siku ya safari ilipofika nilikuwa na uso wa mtu anayepona, ambao kwa asiyejua ni uso wa mtu anayeugua. Asubuhi ile Mzee Swedi akanirudishia wembe.

Nilikwenda Mboko na baba yangu mdogo, aliyekuwa msemaji wetu. Ndiye aliyesema nichukue vyombo vyangu vyote, maana mvuvi akiulizwa kazi anaonyesha nyavu, mkulima anaonyesha shamba, na kinyozi asiye na wembe mkononi ni mzururaji tu. Tulipokelewa uani. Papa Mmunga alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, na ndevu zake zilikuwa ndefu, za kijivu, zimeshonana. Kaka yake alikuwa amefariki, matanga yalikuwa yamekwisha siku chache kabla, lakini hakuwa amenyoa bado.

Baba mdogo alianza maneno yake mazuri. Tante hakumwacha amalize. Alisimama, akaja hadi mbele yangu, akainama kunitazama kidevu kwa karibu kama anayechagua samaki. Akamwuliza baba mdogo ule ni ugonjwa gani. Baba mdogo akajibu kwamba si ugonjwa, ni mambo ya kazi. Tante akajibu, "Kama kazi yake inamufanya vile uso yake yeye mwenyewe, uso ya batoto betu itakuwa namna gani?"

Watu wa uani walicheka, na mimi ningecheka kama ningekuwa mtu mwingine. Tante akaendelea. Alisema maneno ni rahisi, kijana anadai ni kinyozi, na kaka yake, Papa Mmunga, hapo ana ndevu za matanga za kutolewa. Anyoe, waone. Mzee mmoja akanong'ona kwamba haifai mwombaji kumshika baba wa msichana. Tante akamkata: "Leo iko mugeni tu, hatuyamupa mutoto bado. Anaweza kumushika." Papa Mmunga aliegemeza kichwa nyuma na kufumba macho.

Basi hapo ndipo nilipokuwa: nimeshika wembe, koo la baba yake Apendeki liko wazi mbele yangu, ukoo mzima umesimama, na Apendeki yuko mlangoni mwa jikoni akijifanya anapepeta mchele. Tone moja la damu lingetosha kunirudisha Baraka bila mke.

Niliomba maji ya moto kutoka kwenye mbabula, jiko lao la mkaa. Nililaza kitambaa cha moto usoni mwake na kuacha kikae, na Tante akauliza kama ninamnyoa au ninampika. Nilipunguza ndevu kwa mkasi. Nikapitisha vidole. Sijawahi kumsoma mtu kwa makini kama siku ile. Mashavuni zilishuka, kooni upande wa kulia zilizunguka, na chini ya taya palikuwa na kovu la ndoana, laini, lisilo na nywele, ambalo wembe ungeweza kulifungua kwa urahisi. Nikapaka povu, nikavuta ngozi kwa mkono wa kushoto, nikaacha wembe ushuke kwa uzito wake wenyewe. Nilisikia ile sauti yake ndogo ya kukata, shavu hadi shavu. Kwenye kovu nilizunguka kwa mbali.

Nilipomaliza nilimfuta. Hapakuwa na damu. Baba mdogo alitoa pumzi aliyokuwa ameifungia tangu tulipoingia. Papa Mmunga alionekana kijana, na nadhani hata yeye alishangaa alipojipapasa.

Kisha Tante akaja na kitambaa. Akakipitisha kidevuni mwa kaka yake kutoka chini kwenda juu, na kitambaa kikashikwa. "Iko inakwaruza bado," akasema. "Ya batu ba Uvira inang'aa. Hii haiyaisha."

Baba mdogo akanikonyeza nimalizie haraka. Ningeweza. Povu lilikuwepo, wembe ulikuwa na makali, na kupanda kutoka chini kwenda juu nilikuwa nakujua kuliko mtu yeyote katika eneo zima la Fizi. Lingekuwa jambo la dakika, kidevu kingeng'aa, Tante angeridhika, na tungeanza kuzungumza mahari jioni hiyo hiyo. Vipele vingekuja siku kadhaa baadaye, mimi nikiwa nimeshapata jibu langu.

Nilikunja wembe. Nikamwambia Tante, "Tuishie hapa, Mama. Nikirudisha wembe juu, leo baba atang'aa. Lakini kiisha siku kidogo uso yake itakuwa kama hii yangu. Muangalie. Mi nilijifanyia mwenyewe."

Tante alikitazama kidevu changu, kisha cha kaka yake, akakikunja kitambaa. Papa Mmunga akafungua macho. Alisema tu, "Basi tungoje. Uso yangu itajibu." Tulipewa ugali na samaki, tukala, tukaaga. Jibu hatukupata.

Siku zile za kungoja sitaki kuzirudia. Nilinoa wembe usiohitaji kunolewa. Apendeki alipita sokoni na kuniambia kwamba kila asubuhi Tante anamkagua baba yake kidevu kwenye mwanga, na baba yake amekuwa mkali kwa sababu hawezi kunywa chai yake kwa amani. Nilimwuliza kama kuna kipele. Akasema hajui, yeye haruhusiwi kusogea. Aliniacha hivyo akaenda kuuza ndagala, na nadhani alifurahi kidogo kuniona nikiteseka.

Siku moja ya soko Papa Mmunga akaingia saluni. Ndevu zilikuwa zimeota tena, fupi, na ngozi chini yake ilikuwa safi. Hapakuwa na kipele hata kimoja. Niliruka. Nilipangusa kiti changu cha mkono mmoja, nikakipangusa tena, nikatandika kitambaa kipya. Alinisalimia kwa heshima, akakitazama kiti changu, akakipita, akaketi kwenye kiti cha Mzee Swedi.

Nilielewa hivi: amekuja kuniambia hapana, na kwa kuwa ni mtu wa maneno machache ameamua kulisema kwa makalio. Mzee Swedi alipaka povu taratibu, na usoni mwake palikuwa na tabasamu ambalo nilitaka kulinyoa. Nikachukua beseni nikamwage maji nje, nisionekane macho.

Nilikuwa mlangoni nilipomsikia Papa Mmunga akizungumza na Mzee Swedi, kwa sauti ya kutosha kunifikia.

"Uyu kijana iko na mukono muzuri sana. Ni mubaya kwangu tu. Kwetu mukwe hashikake baba mukwe yake ku kichwa. Sasa mi nitanyolewa na nani?"

"Utakuyaka kunyolewa huku kwangu," Mzee Swedi akamjibu.

Maji yote nilijimwagia miguuni.

Mengine mnayajua, au mmeyasikia vibaya. Papa Mmunga alikuja kwa miaka mingi, na hata siku moja hakukaa kwenye kiti changu. Mzee Swedi alipozeeka akaacha kazi, baba mkwe wangu alifuga ndevu hadi watu wa Mboko wakaanza kuuliza nani amekufa. Ndiyo sababu nilimfundisha mwanafunzi wangu wa kwanza upesi namna ile. Nilisimama pembeni nikimwambia mwanafunzi, "Mwambie mzee ainue kidevu kidogo," na mzee alijibu, "Mwambie mukwe wangu nimesikia," sote watatu tukiwa ndani ya chumba kimoja kidogo. Kidevu kile nilikinyoa mara moja tu katika maisha yangu ya kazi, na hakuna nilichokipenda zaidi.

Sasa nimalize, mvua inaelekea kukoma.

Mmoja wenu, simtaji jina, amekuwa akininyoa kila Jumamosi tangu nilipostaafu. Ana mkono mtulivu na anafuata nywele. Pia amekuwa akipita nyumbani kwangu na samaki mara nyingi kuliko njaa yetu, na binti yangu wa mwisho amekuwa akifagia ua saa ambazo ua ni safi. Jumamosi iliyopita niliingia saluni, akanipangusia kiti. Nikakipita. Nikaketi kwa mwenzake. Nilimwona kwenye kioo, amesimama na kitambaa mkononi, uso umemwanguka, na tangu siku hiyo hajafika kwetu. Apendeki ameninunia wiki nzima, anasema ningemweleza kwa mdomo kama mtu mwenye akili, maana vijana wa siku hizi hawajui tena vitu hivi.

Basi nimekueleza, kijana. Walete wazee wako.